Afya ya Nyumba: Ushuhuda wa Kipimo



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Muheza, baba wa watoto wanne. Tumeona yafaa kuijibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa jambo aliloliuliza ni jambo la kila nyumba. Jina lake hatulitaji. Habari yake kwa ufupi ni hii.

Mtoto wake wa mwisho, mwenye umri wa miaka mitatu, alishikwa na homa siku ya Jumatatu. Siku ya pili yake wakampeleka zahanati. Mhudumu akamchoma kidole, akatia tone la damu katika kipimo cha haraka, wakangoja kidogo, kisha akawaambia, "Huyu hana malaria." Akawapa dawa ya kutuliza homa, akawaagiza wamrudishe upesi hali yake ikibadilika. Walipofika nyumbani bibi wa mtoto akasema, "Homa ya hapa kwetu tangu zamani ni malaria. Kidude kile kinajua nini?" Mwalimu akaona maneno ya mama yake yana maana, akaenda dukani, akanunua dawa mseto, akampa mtoto. Nyumba nzima ikatulia, ikingoja dawa ifanye kazi. Jumatano wakangoja. Alhamisi wakangoja. Usiku wa kuamkia Ijumaa mama wa mtoto aliona mbavu za mwanawe zikibonyea ndani kila avutapo pumzi. Hakungoja shauri la mtu. Alimfunga mgongoni, akatafuta pikipiki, na alfajiri wakawa hospitali. Ilikuwa homa ya mapafu, nayo ilikwisha kwenda mbali. Mtoto alilazwa siku nane, na leo, kwa rehema za Mungu, anacheza.

Mwalimu anaimaliza barua yake hivi: "Nataka kujua ni nani aliyetudanganya, kipimo au sisi wenyewe? Na tangu leo niviamini vipimo, au niache?"

Ndugu yetu Mwalimu, kwanza twamshukuru Mungu pamoja nawe kwa ajili ya mtoto, na pamoja na mama yake aliyekuwa macho usiku ule. Kisha twakuambia wazi kwamba kipimo hakikudanganya. Kiliulizwa neno moja, kikajibu neno moja. Kiliulizwa kama katika damu ile mna malaria, kikajibu kwamba hakuioni. Hakikuulizwa kama mapafu ni mazima, wala kisingeweza kulijibu swali hilo. Kosa liliingia pale jibu lilipofika nyumbani. Bibi alilisikia kuwa ni upuuzi, akalitupa. Nawe, kama tunavyoisoma barua yako, ulilisikia kana kwamba limesema "mtoto hana ugonjwa", nalo halikupatana na homa uliyoishika kwa mkono wako. Ndiyo maana ulikuwa mwepesi wa kulikataa. Laiti mngalilipokea kama lilivyosemwa, mngaliuliza swali la pili: "Kama si malaria, basi ni nini?" Swali hilo ndilo lililopotea tangu Jumanne hata Ijumaa, na kupotea kwake kulikaribia kumchukua mtoto.

Katika Torati watu waliamriwa wasimhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja tu, bali wawepo wawili au watatu. Twaomba wasomaji wetu waishike sheria hiyo hata katika mambo ya ugonjwa. Kipimo ni shahidi. Ni shahidi mwema, mara nyingi ni mkweli kuliko sisi, kwa kuwa hana hofu wala mazoea. Lakini hushuhudia lile tu aliloliona, na pengine hukosea. Mashahidi wengine ni maneno ya mgonjwa na wazazi wake, na macho, masikio na mikono ya mganga. Hukumu yatoka kwao wote pamoja.

Na tuseme kwanza wema wa shahidi huyu, maana wako watu wamdharauo. Zamani wazee wetu wa pwani hii, toka Moa hata Pangani, waliita homa kwa jina moja, homa tu, wala hapakuwa na mtu duniani, mweusi wala mweupe, aliyeweza kuonyesha tofauti yake kwa hakika. Mwaka 1880 tabibu wa jeshi la Ufaransa, Laveran, alitazama kwa hadubini damu ya askari mgonjwa huko Aljeria, akaona vijidudu vikichezacheza ndani yake. Mwaka 1897 Ronald Ross akaviona vijidudu hivyo katika tumbo la mbu huko Bara Hindi. Mwaka ule ule Mdachi Robert Koch alifika Afrika Mashariki na hadubini yake, akapima damu za wagonjwa pwani, akapanda hata Usambara. Huko alisikia jambo akaliandika: watu wa milimani waliposhuka tambarare na kurudi na homa, waliiita homa hiyo "mbu", kwa jina la mdudu yule, nao walisema ndiye aliyewapa. Basi wazee wa Usambara walikwisha kulijua neno hilo kwa kutazama, hadubini ililithibitisha.

Tangu hapo nchi yetu hii imekuwa shule ya elimu ya malaria. Mwaka 1949 kituo cha kuichunguza kilianzishwa Muheza, baadaye kikapandishwa Amani. Hata leo mengi yanayojulikana duniani juu ya homa za watoto wa Afrika yamejifunzwa Muheza, Korogwe na Tanga, kwa damu ya watoto wetu wenyewe. Kwa hiyo ni aibu kama dunia itayajua mambo haya nasi tusiyajue.

Sikilizeni moja. Mwaka 2004 wataalamu walitoa taarifa ya hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Walihesabu wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama watu wenye malaria kali. Damu zao zilipotazamwa kwa uangalifu, waliokuwa na vijidudu vya malaria ni 2,062, yaani hawakufika nusu. Na katika kundi lililokuwa na malaria kweli walikufa karibu 7 kwa kila 100, lakini katika kundi lisilokuwa na malaria walikufa 12 kwa kila 100. Tazameni neno hilo, wazazi. Waliokufa zaidi ni wale ambao ugonjwa wao uliitwa kwa jina lisilo lake, kwani walikuwa na ugonjwa mwingine, na wengi wao hawakupewa dawa ya kuua bakteria. Mtu akiitwa kwa jina la mwenzake haitiki. Na ugonjwa ukipewa dawa ya mwenzake hautoki.

Wala bibi wa mtoto tusimlaumu kupita kiasi. Alisema yaliyokuwa kweli katika siku zake. Katika kijiji kimoja cha tambarare ya Korogwe watoto na vijana walipimwa damu mwaka 2003, na 78 kwa kila 100 walikuwa na vijidudu vya malaria. Walipopimwa tena mwaka 2008 walikuwa 13 kwa 100. Neti zenye dawa na dawa mpya zilifanya kazi kubwa. Malaria haikwisha, nayo ingali inaua. Lakini homa ambayo zamani mtu angaliweza kuikisia akapata, sasa akikisia mara nyingi hukosa. Ndiyo sababu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwanza, kisha atibiwe.

Hata waganga wenyewe wamekuwa wazito kulishika neno hili. Mwaka 2007 ilitolewa taarifa nyingine kutoka kaskazini mashariki ya nchi yetu: miongoni mwa wagonjwa ambao kipimo kiliwaonyesha hawana malaria, zaidi ya nusu walipewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Basi, Mwalimu, hukuwa peke yako. Shahidi aliitwa, akasema, na hakimu alikuwa amekwisha kuiandika hukumu kabla hajafika.

Sasa na tuseme mipaka yake, maana wako na wengine wamwaminio kupita kiasi, nao wana hatari ile ile.

Mpaka wa kwanza ni huu: "ndiyo" ya kipimo haifungi mlango. Katika Hospitali Teule ya Muheza walipimwa kwa mwaka mmoja watoto 3,639 waliolazwa, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2010. Watoto 2,195 walikuwa na malaria katika damu. Katika hao, 100 walikuwa pia na bakteria waliokwisha kuingia ndani ya mwili, jambo la kufisha lisipotibiwa. Katika watoto 1,444 wasio na malaria, wenye bakteria hao walikuwa 241. Hesabu hii yafundisha mambo mawili pamoja. Asiye na malaria yafaa atafutwe zaidi ugonjwa mwingine, kwa kuwa karibu 17 kwa kila 100 walikuwa nao. Lakini hata aliye na malaria yafaa atazamwe vizuri, kwa kuwa karibu 5 kwa kila 100 walikuwa na maadui wawili. Tena katika nchi zenye mbu wengi mtu mzima huweza kuwa na vijidudu vichache katika damu yake bila kuugua. Siku akishikwa na homa ya sababu nyingine, kipimo kitasema malaria, nacho kitakuwa kimesema kweli, lakini homa ile si ya malaria.

Mpaka wa pili ni wakati. Kipimo cha haraka kitumiwacho sana kwetu hakivioni vijidudu vyenyewe. Hutambua protini vinayoitoa. Protini hiyo huweza kukaa katika damu kwa majuma kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dawa akapona, akipimwa tena baada ya siku kumi, huenda kipimo kikasema bado, na baba akanunua dawa ya pili bure. Vilevile vijidudu vikiwa vichache sana, kipimo huweza kuvikosa leo na kuviona kesho kutwa. Ndivyo ilivyo hata kwa vipimo vingine. Mtu aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi juma lililopita huonekana hana, mpaka siku zipite. Ndiyo maana huambiwa arudi.

Mpaka wa tatu ni mgumu kidogo, nasi twawaomba walimu wa hesabu watusaidie. Wako watu wengi siku hizi ambao kila wakiona uchovu au tumbo huomba wapimwe taifodi, yaani homa ya matumbo, kwa kipimo kiitwacho Widali. Kipimo hicho kilichunguzwa papo hapo Teule kwa watoto waliolazwa, na taarifa ikatoka mwaka 2010. Kilipofananishwa na kazi ya kuotesha bakteria kutoka katika damu, kiliwatambua wagonjwa 75 kwa kila 100, na wasio wagonjwa kiliwaachia huru 98 kwa kila 100. Msomaji atasema, "Hicho ni kipimo kizuri." Lakini katika kila wanne ambao kipimo kilisema wana taifodi, aliyekuwa nayo hakika alikuwa kama mmoja tu.

Yawezekanaje? Chukueni kalamu. Tufanye mfano: wako watoto 2,000 wenye homa, na wenye taifodi kweli ni 20. Kipimo kitawatambua 15. Waliobaki ni 1,980, nao hawana taifodi. Lakini kipimo hukosea kwa wawili katika kila 100, basi kitawasingizia kama 40. Jumla ya walioambiwa "mna taifodi" ni 55, na wenye ugonjwa ni 15. Hao 40 watakunywa dawa isiyo yao, watalipa fedha, na ugonjwa wao wa kweli utaendelea kujificha. Kosa dogo la kipimo limekuwa kubwa kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa wachache. Kwa hiyo kupima kila mtu kila kitu si uangalifu. Ni kuwaita mashahidi wasiohusika mpaka apatikane mmoja wa kusema uongo. Lakini "hapana" ya kipimo hicho hicho ilikuwa na nguvu sana, kwani walioambiwa hawana, karibu wote hawakuwa nayo.

Basi twatoa mashauri machache, yashikwe katika nyumba zetu.

Kwanza, mwambieni mganga habari yote. Semeni homa ilianza lini, kama kuna kikohozi, kama mtoto anakojoa kwa maumivu, kama masikio yanamwuma. Semeni dawa alizokwisha kupewa, za dukani na za miti pia, wala msione haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Pili, ulizeni kwa adabu: "Kipimo hiki kinatafuta nini? Kikisema ndiyo tutafanya nini, na kikisema hapana tutafanya nini?" Mganga mwema hachukii swali hilo. Kama yatakayofanywa ni yale yale, kipimo hakina haja, na fedha yenu ibaki.

Tatu, mkiambiwa hakuna malaria, msinunue dawa ya malaria. Ulizeni swali la pili, lile lililopotea katika nyumba ya mwalimu wetu. Homa ikiendelea siku mbili, rudini hata kama mliambiwa hakuna kitu. Kurudi si kumtukana mganga.

Nne, mkiambiwa malaria ipo, maliza dozi yote, wala msimwachie mtoto dawa peke yake imlinde. Mtazameni kama vile hamkuambiwa neno.

Tano, ziko dalili zisizongoja kipimo chochote. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa; anayetapika kila kitu; aliyeshikwa na degedege; aliyelegea au asiyeamka vizuri; ambaye mbavu zinabonyea akivuta pumzi: huyo apelekwe saa ile ile, mchana au usiku. Na pumzi zihesabiwe. Mtoto akiwa ametulia, tazameni kifua chake dakika moja nzima kwa saa. Mtoto wa miezi miwili hata asiyetimiza mwaka, akivuta pumzi mara 50 au zaidi, na mtoto wa mwaka mmoja hata miaka mitano, mara 40 au zaidi, huenda ana homa ya mapafu. Kipimo hiki hakihitaji damu wala fedha, nacho kiko katika mkono wa kila mama mwenye saa au simu. Twawasihi walimu wawafundishe wanafunzi wakubwa kuhesabu hivyo, kwa maana wengi wao ndio walezi wa wadogo zao wazazi wakiwa shamba.

Na ninyi ndugu zetu mnaohudumu katika zahanati, wengi wenu mwalisoma gazeti hili. Msiseme tu, "Hana malaria," mkamwita anayefuata. Neno hilo ni nusu ya neno. Malizieni: "Hana malaria, basi tutazame kifua, masikio, koo na mkojo." Mzazi aliyeambiwa nusu ya neno huenda kuitafuta nusu ya pili dukani.

Mwalimu aliuliza kama aviamini vipimo au aache. Twamjibu: aviamini kama aaminivyo shahidi mwaminifu, kwa yale aliyoyaona, wala asimwulize yale asiyoyaona. Tukumbuke ya kuwa Bwana wetu, aliyejua yote bila kuambiwa, alipoletewa kijana mwenye pepo la kifafa alimwuliza kwanza baba yake tangu lini jambo hilo limempata. Yeye ambaye hakuhitaji shahidi alisimama akasikiliza maneno ya mzazi. Basi mganga asiache kuuliza, na mzazi asiache kusema, hata kama viko vipimo vya namna gani.

Mungu awalinde watoto wetu majira haya ya mvua, na awape mama zao macho ya usiku. Tukutane mwezi ujao, Bwana akipenda.